Ukitandika Kapeti Nyuma ya Geti, Utacheza na Nani?

Siku hizi mtu akimaliza kujenga hapa Songea, akishapaka rangi na kufunga geti, swali linalofuata ni moja: nyuma pale tuweke nini? Zamani jibu lilijulikana. Migomba miwili, tuta la tembele, banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo. Sasa limeingia jibu jingine, na linatajwa kwa sauti ya mtu aliyefika mjini: tuweke kapeti. Maana yake nyasi bandia, zile za kijani zinazong'aa mwaka mzima, zenye mistari myeupe na goli ndogo kila upande. Watoto wachezee ndani, wasitoke.

Nasema mapema ili msomaji asinisubiri: kwa mji wetu, uwanja wa kapeti nyuma ya nyumba ni matumizi mabaya ya pesa nzuri. Sisemi hivyo kwa sababu pesa hiyo sina (ingawa kweli sina, boom lenyewe mnalijua). Nasema kwa sababu nimekaa nikapiga hesabu ya mita, ya mvua na ya watu, na hesabu zote tatu zinakataa.

Tuanze na mita. Tuseme mzazi wako amebahatika kupata kiwanja cha mita 20 kwa 40 kule Mshangano au Ruhuwiko. Hicho si kiwanja kidogo. Nyumba imekula mbele na katikati, nyuma kumebaki mita 20 kwa 15. Toa shimo la choo, toa tanki la maji, acha njia ya kupita pembeni ya ukuta. Umebaki na kama mita 18 kwa 13. Sasa hapo unacheza nini?

Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Hautoshi. Mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Hautoshi. Futsal, ule mpira wa miguu wa watu watano kila upande, inataka angalau mita 25 kwa 16. Hautoshi. Tenisi ni karibu mita 24 kwa 11, na hapo hujahesabu nafasi ya mchezaji kurudi nyuma kupokea mpira. Mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, yaani mstari wa mwisho unagusa ukuta, na anayepiga sevu itabidi apande juu ya tanki. Unaotosha vizuri ni mpira wa vinyoya, mita 13.4 kwa 6.1. Lakini sijamsikia mtu hapa mjini anayesema anatandika kapeti kwa ajili ya vinyoya. Kila mtu anataka mpira.

Kwa hiyo kinachojengwa kinakuwa picha ya uwanja. Watoto wawili wa mwenye nyumba watapigiana penalti wiki mbili, mpira utapiga dirisha la jikoni mara tatu, mama atakasirika, na mwezi wa pili kapeti litakuwa mahali pa kuwekea viti siku ya ubarikio.

Sasa hesabu ya mvua. Hapa inabidi tujue kwanza kapeti linatandikwaje, maana wengi tunaliona kama zulia la sebuleni: unanunua, unakunjua, unakaa. Zile nyasi fupi nyepesi zinazotandikwa barazani na kwenye kumbi za harusi ni pambo tu, hazikutengenezwa kubeba viatu vya njumu. Nyasi za mpira wa miguu zina majani ya plastiki yenye urefu wa milimita 40 hadi 60, na hayasimami yenyewe. Yanashikiliwa na mchanga unaomwagwa katikati yake, na juu ya mchanga mara nyingi huwekwa chembechembe za mpira, nyingi zikiwa zimesagwa kutoka matairi chakavu, ili mguu upate kudunda kidogo. Bila hivyo majani yanalala, na unabaki unateleza juu ya plastiki.

Chini yake kuna kazi kubwa zaidi. Unachimba udongo wa juu unautoa. Unamwaga kokoto, unashindilia, unaweka mteremko kidogo ili maji yatembee. Unatandika kitambaa cha kuzuia udongo usipande. Ndipo kapeti linakuja kwa vipande, na kila kiungo kinashikwa kwa utepe na gundi. Ukikosea kokoto, uwanja unabonyea. Ukikosea gundi, kiungo kinafunguka na mtu anavunjika kifundo cha mguu. Kwa uwanja wetu wa mita 18 kwa 13, ambao ni mita za mraba 234, ukiweka kilo 20 za mchanga kwa kila mita unahitaji karibu tani 5 za mchanga peke yake. Kapeti lenyewe, gundi na fundi anayejua kazi ni vitu utakavyovitafuta mbali. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na gari halibebi mzigo bure.

Songea inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua mvua moja nzito ya milimita 50, zile za Januari ambazo mwanafunzi anabaki kwenye korido ya darasa anasubiri. Juu ya kile kiwanja kidogo zinashuka lita 11,700, yaani matanki mawili ya lita 5,000 na zaidi, kwa mchana mmoja. Pale palipokuwa na migomba na udongo mwekundu, sehemu kubwa ya maji ilizama. Sasa fundi wa kubahatisha ameona kokoto ni gharama, akamwaga zege chini akatandika kapeti juu yake. Hayo maji yanakwenda wapi? Mji wetu umekaa kwenye miinuko na mabonde, kila mtu anajua yanakokwenda. Yanakwenda kwa jirani wa chini, na yanabeba zile chembechembe za matairi.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Mama wa sokoni alibadilika, sisi tukabadilika. Leo tunataka kutandaza mita za mraba mia mbili za plastiki juu ya udongo, katika mji ulio chini ya milima ya Matogoro ambako Mto Ruvuma unaanzia. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, waliotandika viwanja hivi kwa maelfu, mwaka 2023 walipitisha kanuni ya kuzuia uuzaji wa chembechembe hizo za plastiki na matairi viwanjani, wakajipa miaka minane ya kujiandaa. Wanazitoa kwao. Wafanyabiashara watatafuta pa kuzipeleka, na tusije tukawa sisi.

Na jua je? Plastiki haitoi jasho kama nyasi hai. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, mwaka 2002 vilikuta uso wa nyasi bandia umepita nyuzijoto 90 siku ya jua kali, wakati nyasi za kawaida za pembeni zilikuwa chini ya hapo kwa mbali sana. Sisi hatuna joto la jangwani, Julai yetu tunavaa masweta mawili. Lakini mwezi wa Oktoba jua linapita utosini kabisa hapa kwetu, na mtoto anayecheza peku saa saba mchana atakwambia mwenyewe. Dawa yake ni kumwagilia maji. Hebu fikiria: unamwagilia plastiki wakati wa kiangazi, na bili ya SOUWASA inasoma, wakati tembele ulilong'oa lingekunywa maji hayohayo na kukupa mboga.

Inafaa tukumbuke nyasi hizi zilianzia wapi. Mwaka 1965 kule Houston, Marekani, walifungua uwanja wa Astrodome wenye paa. Ndani walikuwa wamepanda nyasi za kweli. Mwanga wa jua uliopita kwenye paa ukawasumbua wachezaji machoni, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Mwaka 1966 wakaleta plastiki. Yaani ilikuwa dawa ya mahali ambapo nyasi haziwezi kuota. Baadaye nchi za baridi kali nazo zikaipenda, kwa sababu theluji inaua nyasi miezi mingi. Sasa njoo Songea. Hapa ukoka unaota hata usipoutaka. Unaota kwenye paa la choo, unaota kwenye ufa wa lami. Mkulima wa Ruvuma anatumia nusu ya maisha yake kupambana na nyasi shambani, halafu mtoto wake aliyesoma anaagiza nyasi za plastiki kutoka nje. Mababu wangecheka.

Hata huko kwenye mpira mkubwa mambo hayakunyooka. Queens Park Rangers ya London iliweka plastiki mwaka 1981, na baadaye Uingereza ikapiga marufuku viwanja vya namna hiyo kwenye ligi zake za juu. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 Kanada lilichezwa lote juu ya nyasi bandia, na kabla halijaanza kundi la wachezaji maarufu walipeleka malalamiko ya kisheria kupinga. Ligi kuu ya Uholanzi imeamua kuziondoa kuanzia msimu wa 2025/26. Teknolojia imeboreka tangu 1981, sikatai. Ila tusiuziwe kapeti kama vile ndiyo kilele cha maendeleo.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana una hoja moja nzito. Mama mmoja akikwambia anataka uwanja ndani ya ukuta kwa ajili ya binti zake, usimcheke. Barabara zetu za mtaa zimejaa bodaboda zisizopunguza mwendo. Viwanja vya mtaani jioni vinatawaliwa na wavulana, na msichana akitaka kucheza atasikia maneno kabla hajagusa mpira. Mvulana wa miaka kumi na tano anaambiwa ana kipaji, msichana wa umri uleule anaulizwa kama kwao hakuna kazi. Mzazi anayetafuta mahali salama ana haki, na sisi vijana tunaotoa hayo maneno ndio tuliomfikisha hapo.

Lakini tazama anachokipata. Netiboli ni wachezaji saba kila upande. Binti zake ni wawili. Wale kumi na wawili wengine watatoka wapi? Watatoka nje ya geti, kwa majirani. Na uwanja wenyewe tumeshapima, haujatosha. Kwa hiyo binti atapata usalama wa kukaa, hatapata mchezo. Anachohitaji ni saa mbili za wasichana kwenye uwanja wa mtaa, zilizotangazwa na mwenyekiti wa mtaa, zenye mama wawili watatu waliokaa pembeni. Hilo halina gharama ya kontena. Lina gharama ya kikao kimoja na sisi wavulana kutii.

Hii ndiyo hesabu ya tatu, ya watu, na kwangu ndiyo kubwa. Mpira wa nchi hii umetoka mchangani. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, na kutoka huko akafika Simba, TP Mazembe, Genk, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mchangani unacheza na usiowachagua: mtoto wa mwalimu, mtoto wa muuza mkaa, kaka mkubwa anayekuchezea rafu halafu anakununulia muwa. Unajifunza kupangana, kugombana na kumaliza, kukubali kuwekwa kipa. Mtoto wa mwenye nyumba akifungiwa na kapeti lake, anakosa yote hayo. Na wale wa nje wanakosa zaidi, kwa sababu mara nyingi aliyejifungia ndiye mwenye mpira wa ngozi, ndiye baba yake anayesikilizwa manispaa. Mtoto wa mkubwa akiacha kucheza kwenye uwanja wa wazi, siku uwanja huo unapoanza kuchorwachorwa vigingi, hakuna mwenye sauti wa kuuliza.

Wanalizombe wetu, Majimaji, walishuka Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Sababu za timu kushuka ni nyingi, na sitazibebesha nyasi. Ila timu ya mji hulishwa na viwanja vya mitaa, na viwanja hivyo vikipungua tusishangae wachezaji wakitoka kwingine.

Na sisi wanafunzi tunahusika moja kwa moja, tusijifanye watazamaji. Wengi tunapanga vyumba kwenye nyumba za watu, Msamala, Majengo, Mateka, Lizaboni. Kapeti likiingia uani, kamba ya nguo inaondoka, jiko la mkaa linaondoka, na kodi inapanda kwa sababu "nyumba ina uwanja". Mwenye nyumba mjanja atafunga taa aukodishe kwa saa usiku, na wewe una mtihani kesho saa mbili asubuhi. Uwanja unaokodishwa usiku ni biashara, na eneo lililopangwa kwa makazi halibadilishwi matumizi kienyeji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali. Mpangaji ana haki ya kuuliza kama kipo.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka mbinguni.

La kwanza, mwenye uwanja nyuma ya nyumba apande ukoka au paspalamu. Unakatakata vipande vya mizizi, unapanda kwa mistari mvua za Desemba zinapoanza, na kufikia Machi umefunika. Ukikanyagwa ukaoza, unapandwa tena bure. Kama hutaki nyasi, udongo uliofagiwa na wavu uliofungwa kwenye nguzo mbili unatosha kwa mpira wa vinyoya, na kwa rede hauhitaji hata wavu.

La pili, wenye uwezo wa kununua kapeti waungane walitandike mahali pa wote. Hapa sipingani na nyasi bandia zenyewe. Uwanja unaochezewa na mamia kwa wiki hauachi ukoka upumue, na hapo plastiki inaweza kustahili gharama yake, ikiwekwa na mafundi wanaojua, juu ya kokoto, na mchanga badala ya matairi pale inapowezekana. Ndiyo maana Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza viliwekewa. Dar es Salaam, pale Kidongo Chekundu, kuna viwanja vya vijana vya JMK Park vilivyofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza, na kimoja cha namna hiyo kinabeba watoto wengi kuliko makapeti mia ya nyuma ya nyumba. Serikali nayo mwaka 2021 ilipoanza kusamehe VAT kwenye nyasi bandia, ilianza na viwanja vya mpira vya majijini, haikuanza na ua wa mtu. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikiweka pamoja pesa ya makapeti kumi madogo, uwanja wa shule ya msingi ya jirani unapata kapeti moja la maana, lenye ratiba: asubuhi shule, alasiri wasichana, jioni vijana, usiku wanaolipa ili kugharamia matengenezo.

La tatu linahusu serikali yetu ya wanafunzi. Muhula huu iunde kamati ndogo, iende ofisi ya mipango miji ya manispaa, iombe kuona michoro ya mitaa tunayoishi, na iandike orodha ya maeneo ya wazi yaliyotengwa kwa michezo. Kisha tutembee tukayaone kama bado yapo. Tuna wanafunzi wenye simu zenye ramani, tuna miguu, tuna Jumamosi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na nakala apewe kila mwenyekiti wa mtaa. Uwanja unaojulikana na watu elfu mbili ni mgumu kuuza.

Na kama wewe unayesoma baba yako ameshalipia, mzigo uko njiani, sitaki mgombane nyumbani. Mwombeni fundi aweke mteremko usielekee kwa jirani na aache shimo la kunyonya maji. Halafu Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, mfungue geti. Mkubaliane na mjumbe, watoto wa mtaa waingie kwa zamu, wavue ndala mlangoni. Dirisha la jikoni liwekeeni nondo.